Meta Quest 3S: kiinimacho kinachopimwa kwa milimita

Meta Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299.99 ikiwa na nafasi ya GB 128, na dola 399.99 ikiwa na GB 256. Hizo ni bei za Marekani siku ilipotoka; ongeza usafiri, ushuru na faida ya aliyeileta, ikifika Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi, ni habari nyingine kabisa. Kwa fedha hiyo unapewa hedseti, yaani kifaa cha plastiki cha gramu 514 cha kuvaa usoni, rimoti mbili, chaja na waya wake. Lakini plastiki siyo bidhaa yenyewe. Unachonunua ni mwili wako kusadiki kwamba upo mahali ambapo haupo. Basi tuipime kwa hilo: unasadiki kiasi gani, kwa muda gani, na kitu gani kinavunja imani hiyo.

Wengi wameshaonja VR, yaani dunia ya kompyuta inayokuzunguka machoni, kupitia yale maboksi ya kutia simu, wakatoka wakisema ni upuuzi. Hawakukosea, ila walichojaribu ni kitu kingine. Boksi la simu linajua umegeuza shingo tu. Ukiinama au ukipiga hatua kando, dunia yote inasogea pamoja nawe kama picha iliyobandikwa usoni. Quest ina kamera zinazofuatilia pia kusogea kwako mbele, nyuma, kando, juu na chini. Ukichuchumaa kuchungulia chini ya meza, unauona uvungu wake. Hapo ndipo mwili unapoingia mkenge, na hapo ndipo tofauti ya bei inapojieleza.

Mtafiti Mel Slater, mwaka 2009, aliyagawa mambo haya mafungu mawili ambayo mnunuzi atafaidika kuyajua. La kwanza ni hisia ya kuwa mahali fulani. La pili ni hisia kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli. Yanaharibika kwa sababu tofauti. Hisia ya mahali huvunjwa na vitu vya kupimika: lenzi iliyokaa vibaya, sakafu iliyopimwa vibaya, picha inayochelewa. Hisia ya matukio huvunjwa na dunia isiyokujali: unampungia mtu mkono, anapita kama mlingoti. Kwa fungu la kwanza, 3S ni kifaa kizuri mno kwa bei yake, ila wewe mwenyewe ufanye kazi ya kukirekebisha. La pili liko mikononi mwa watengeneza programu, na huko kuna mchele na chuya.

Anza na macho

Watu wengi wanaoona ukungu au kuumwa kichwa wamekosea hapa. Lenzi za 3S zinasogea kwa mkono na zina nafasi tatu tu: milimita 58, 63 na 68. Zinatakiwa zilingane na umbali kati ya mboni zako. Kujipima ni rahisi: simama mbele ya kioo, sentimita 20 hivi, rula ya milimita ikiwa imelazwa juu ya pua. Fumba jicho la kulia, weka sufuri katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza rula wala kichwa, fumba la kushoto, fumbua la kulia, soma namba iliyo chini ya mboni ya kulia. Rudia mara tatu, maana mara ya kwanza mkono hutikisika. Ukipata 61 au pungufu, tumia nafasi ya kwanza. Kati ya 61 na 66, ya pili. Zaidi ya 66, ya tatu. Ukiangukia mpakani jaribu zote mbili, uchague ile ambayo herufi ndogo za menyu zinasomeka bila kukaza macho.

Kukosea nafasi kunaharibu zaidi ya ukali wa picha. Ubongo hutumia tofauti ya macho mawili kukadiria ukubwa na umbali, kwa hiyo lenzi zikikaa visivyo, chumba kinaonekana kipana kuliko kilivyo au watu wanaonekana vibushuti, na huwezi kusema kasoro iko wapi. Unajua tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Lenzi zenyewe ni za Fresnel, zenye miduara, teknolojia ya zamani kuliko lenzi bapa za Quest 3. Eneo la kati ni kali, pembeni panafifia, na maandishi meupe juu ya giza hutoa miale kama taa ya gari iliyopigwa na mvua. Kila jicho linapata nukta za picha (pikseli) 1832 kwa 1920. Dawa ni kutelezesha hedseti juu na chini usoni, taratibu, mpaka herufi za katikati zikaze, ndipo ufunge mkanda. Usifunge kwanza halafu ukatafuta picha.

Mkanda wa kitambaa unaokuja nao ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Uzito wote uko mbele, unashuka kwenye mashavu, na baada ya nusu saa unajua kwamba gramu 514 si mchezo. Mkanda mgumu wenye gurudumu la kukaza nyuma, wa kampuni yoyote, unabadilisha kifaa hiki kuliko nyongeza nyingine yoyote. Wenye betri kisogoni ni bora zaidi, kwani betri inasawazisha uzito na kuongeza muda. Iliyomo ndani haifiki mbali, saa mbili na nusu hivi. Mwenye rasta au nywele zilizofungwa juu apitishe pembetatu ya nyuma chini ya fundo, si juu yake. Kwa mwenye hijabu, kitambaa chepesi kisicho na pini pembeni kinakaa vizuri. Pini hukwaruza plastiki na huuma.

Chumba, sakafu na pangaboi

Meta inashauri eneo wazi la mita 2 kwa 2 kwa michezo ya kutembea. Vyumba vingi vya kupanga havina nafasi hiyo baada ya kitanda na kabati, na hilo si kikwazo: kuna hali ya kukaa au kusimama mahali pamoja, na programu nyingi zinaikubali. Kinachosahaulika ni juu. Pangaboi kwenye dari fupi na mchezo wa kurusha mikono ni ajali inayosubiri siku. Lizime, au uhame chumba.

Baada ya kuchora mpaka wa eneo lako, hakiki sakafu. Chuchumaa, weka rimoti chini sakafuni, tazama kama sakafu ya ndani ya hedseti inakutana nayo. Ikipishana kwa sentimita kumi tu, mwili unajua: unajihisi unaelea au umezama mpaka vifundo. Wengine huitupa hedseti sandukuni kwa hisia hiyo, na tiba yake ni kupima sakafu upya, dakika moja.

Kamera zinahitaji kitu cha kushika. Ukuta mweupe mtupu, kioo kikubwa, dirisha lenye jua kali na pazia linalopepea huzichanganya; ukiona mkono wako wa bandia umeruka ghafla au dunia imeteleza, tafuta mojawapo ya hivyo kwanza. Taa zinazopepesa nazo ni tatizo: kwenye mipangilio kuna kipengele cha kasi ya umeme wa taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, basi kama kipimo cha kujichagulia kinayumba, chagua 50 mwenyewe. Umeme ukikatika, michezo isiyohitaji mtandao inaendelea, na 3S ina taa mbili za mwanga usioonekana zinazoisaidia kuona mikono gizani. Ruta ndiyo inayokufa, na pamoja nayo kila dunia yenye watu.

Rimoti zinatumia betri moja ya AA kila moja, kama ya saa ya ukutani. Za kuchaji zinafaa, ingawa kipimo cha chaji huonyesha pungufu kwa sababu zina volti 1.2 badala ya 1.5. Kifaa kikiwekwa kwa wiki kadhaa, zitoe. Betri iliyovuja ndani ya rimoti ni hasara isiyo na sababu.

Kizunguzungu si unyonge

Macho yanasema unatembea, kiungo cha usawa ndani ya sikio kinasema umesimama. Ubongo unapokosa wa kumwamini, tumbo ndilo linalolipa. Ndiyo maana michezo ambayo unasimama mahali pamoja na vitu vinakuja kwako, mfano Beat Saber, haimsumbui karibu yeyote, wakati ule wa kukimbia kwa kusukuma kijiti cha rimoti unaweza kumtapisha mtu mzima.

Mpangilio wa wiki ya kwanza uwe huu: dakika 10 kwa mara, programu za kusimama tu. Kwenye mipangilio ya mchezo chagua kusafiri kwa kulenga na kuruka badala ya kuteleza. Kugeuka kwa vipande vya nyuzi 30 au 45 badala ya kuzunguka polepole. Na washa kipengele cha kuziba pembe za picha unapotembea. Feni ya kusimama ikikupuliza usoni inasaidia kwa njia mbili, inapoza, na inakuambia mbele ya chumba halisi ni wapi. Joto likianza kupanda shingoni au mate yakijaa mdomoni, vua papo hapo. Hapa kujikaza kisabuni hakusaidii. Kunaufundisha mwili kuchukia hedseti, na mafunzo hayo hayafutiki kwa urahisi.

Macho huchoka kwa sababu nyingine pia. Katika maisha, jicho linalenga kwa mkunjo wa lenzi yake ya ndani kila kitu kinapokaribia. Ndani ya hedseti mkunjo umefungwa kwenye umbali mmoja usiobadilika, huku macho mawili yakitakiwa kukutana kwenye kitu kilicho sentimita 20 kutoka puani. Sogeza menyu na vitabu mbali, urefu wa mkono au zaidi. Baada ya kuvua, wapo wanaoiona mikono yao kama si yao kwa dakika kadhaa. Ni jambo la kupita, ila usipande pikipiki mpaka liishe.

Duka la Meta linarudisha fedha ya programu nyingi ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umeitumia chini ya saa 2. Tumia haki hiyo kupima tumbo lako.

Kwenda Gombe bila mashua

Programu inayoonyesha vizuri ukomo na uwezo wa kifaa hiki ni Wander, inayotumia picha za Google Street View, zile za mitaa na njia zilizopigwa pande zote. Hifadhi ya Gombe ilipigwa picha mwaka 2014 kwa ushirikiano na Jane Goodall Institute, na Samburu mwaka 2015 na Save the Elephants. Unasimama kwenye njia ya msituni juu ya Ziwa Tanganyika, majani yamekuzunguka, ukigeuka nyuma kuna njia uliyotokea. Dakika mbili za kwanza ni za ajabu kweli.

Halafu mwili unaanza kuuliza maswali. Unainama kutazama jani, jani halisogei karibu. Unachungulia nyuma ya mti, mti unakwenda nawe. Ni picha ya duara, haina kina, kwa hiyo tumerudi kwenye boksi la simu bila kujua. Na mitaa ya mjini ilipigwa na kamera iliyo juu ya paa la gari, basi unautazama mtaa wa nyumbani kutoka kimo cha mtu aliyepanda kiti, na kila muuza machungwa anaonekana mdogo. Kwa aliye Muscat au Toronto anayetamani kuona kona ya kwao, hata hivyo, hakuna picha ya simu inayofika hapa. Angalia tu tarehe ya picha kabla ya kushangaa kwamba duka la jirani bado lipo.

Video za nyuzi 360 za YouTube zina kasoro inayoelezeka kwa hesabu ndogo. Video ya 4K ina nukta 3840 kwa upana, lakini zimetandazwa kwenye mzunguko mzima. Wewe unaona nyuzi 96 kwa mara moja, sawa na nukta 1024 hivi. Ni kama nukta 11 kwa kila uzi, wakati skrini ya 3S inaweza karibu 20, na jicho lenye afya hutofautisha karibu 60. Ndiyo maana video uliyolipia bando la 4K inaonekana kama ya simu ya zamani: umenunua duara zima, unatazama kipande chini ya theluthi. Zilizo bora ni za 8K, na nyingi za zile zenye kina hurekodiwa nyuzi 180 tu, kwa sababu nyuma hakuna anayetazama.

Duniani kwa watu

VRChat, programu ya kukutana na watu ukiwa umevaa umbo la kuchorwa, ni ya bure, ilianza mwaka 2014, na ndiko watu waliko. Ndani ya Quest utaona toleo lililopunguzwa: umbo alilovaa mtu likiwa zito kuliko kifaa kinavyoruhusu, unaletewa sanamu mbadala. Mwenzako mwenye kompyuta anajiona simba mwenye manyoya. Wewe unaona roboti la kijivu. Mnazungumza vizuri, ila hamko kwenye tukio moja.

Na hapa Mswahili anakutana na tatizo ambalo hakuna mpangilio wa kulirekebisha. Anakuja mtu mwenye umbo la jitu la mita tatu, sauti nyembamba. Anaamkiwa vipi? Shikamoo inahitaji kujua umri, na umri ndicho kitu cha kwanza ambacho vazi hili linaficha. Wengi wanaishia kwenye "mambo" kwa kila mtu, mzee na mtoto. Kupeana mkono nako ni kutetemeka kwa rimoti: hakuna joto wala uzito, na ule mshiko wetu unaoendelea mpaka habari za nyumbani, kazini na shambani ziishe hauna pa kukaa. Kinachopita vizuri ni vitu ambavyo simu haina: mtu kusogea karibu, kugeuka kusikiliza, kuinamisha kichwa. Kwa mazungumzo ya ndugu watatu walio nchi tatu, hicho ni kikubwa.

Umbo unalovaa linakubadilisha pia. Nick Yee na Jeremy Bailenson walionyesha mwaka 2007 kwamba waliopewa maumbo marefu walijadiliana kwa ukali zaidi kuliko waliopewa mafupi. Na kwa kuwa mwili unasadiki, anayekuingilia karibu huko anakuingilia kweli; bughudha ya VRChat haifanani na tusi la maandishi. Kabla ya kuingia chumba cha hadhara jifunze menyu ya kumnyamazisha mtu, kumzuia, na hali ya usalama inayoficha maumbo na sauti za wageni. Bora zaidi, fungua chumba cha marafiki pekee. VRChat inataka umri wa miaka 13. Meta inaruhusu 10 hadi 12 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mtoto ambaye macho yake yako karibu sana kuliko milimita 58 huenda asipate picha sahihi hata kwenye nafasi ya kwanza.

Jambo la faragha lisipitwe. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzao walichukua mwendo wa kichwa na mikono wa wachezaji zaidi ya 50,000 wa Beat Saber. Sekunde 100 za mwendo zilitosha kumtambua mtu mmoja kati yao kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 94. Kuvaa umbo la paka hakukufichi. Unavyopunga mkono ni sahihi yako.

Spika ziko wazi juu ya masikio, na 3S haina tundu la spika za masikioni la milimita 3.5. Uko kwenye mwezi, na bado unamsikia muadhini na mtoto anayelia nje. Wapo wanaoiita kasoro. Kwa kifaa kinachoziba macho ndani ya nyumba yenye watu na jiko linalowaka, ni afadhali hivyo.

Kununua kilichotumika

Afrika Mashariki hedseti nyingi zinapitia kwa waingizaji, na dhamana hufuata nchi iliponunuliwa, kwa hiyo ukaguzi wa mkononi ndio kinga yako. Chaja ya Marekani ina pini bapa. Inakubali volti 240, inahitaji adapta ya umbo tu. Hakikisha aliyekuwa nayo ameitoa kwenye akaunti yake na kuifuta mbele yako, kisha iunganishe na simu yako kwa programu ya Meta Horizon palepale dukani, na bando lako, kabla ya kutoa fedha. Shika rimoti bila kugusa kijiti: menyu ikijisogeza yenyewe, kijiti kimelegea. Nusa sifongo ya uso. Jasho la Pwani haliombi ruhusa, na sifongo mpya au ya mpira wa silikoni ni gharama ya kuongeza kwenye hesabu. Lenzi zisafishwe kwa kitambaa kikavu cha miwani pekee. Zikipata ukungu, iwashe dakika tano kabla ya kuvaa ili zipate joto.

Mwisho fungua ukurasa mweupe mtupu, utazame kwa jicho moja moja. Lenzi hizi ni kioo cha kukuza: zikiachwa zikielekea jua, hata kwa muda mfupi dirishani au kwenye kiti cha gari, mwanga hukusanyika na kuunguza skrini nyuma yake. Alama yake ni doa la njano au zambarau lisilosogea. Ukiliona, rudisha kifaa kwa mwenye nacho hata akishusha bei nusu, kwa sababu doa hilo utalikuta msituni Gombe, usoni mwa ndugu yako, na katikati ya mwezi.